Nilivyomlilia Mtani Wangu Akiwa Hai

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na ombi. Saa nimeitundika, keki tuliila palepale, na ombi ndilo hili ninalolitimiza. Mlitaka niandike miaka yangu kwenye gari la elimu ya afya, hasa ile ya kuwafuata wanaume wa Kariakoo ili wapime saratani ya utumbo mpana. Vyeo sitaviandika kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, ndio huohuo wenu. Nitaandika kazi yenyewe, pamoja na kosa moja kubwa nililolifanya, ambalo nawakataza kulirudia ingawa mimi mwenyewe silijutii sana.

Kabla ya gari nilikuwa muuguzi katika wodi ya wanaume ya upasuaji. Huko niliwapokea waliochelewa. Mtu anakuja amekonda, tumbo limevimba, ukimuuliza alianza lini kuona damu chooni anasema juzi, na mkewe aliyesimama pembeni anasema mwaka jana. Katikati ya juzi na mwaka jana huwa kuna dawa za bawasiri za kila rangi, za kunywa, za kupaka na za kukalia. Niliwafunika wengi wao shuka usoni. Siku moja nilimwambia matroni kwamba nimechoka kukaa mlango wa mwisho, nataka nihamie mlango wa kwanza. Alinielewa haraka kuliko nilivyotegemea, nadhani kwa sababu kitengo cha gari kilikuwa kimekosa mtu na hakuna aliyekitaka.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, lina spika mbili juu na mlango wa pembeni unaofunguka kwa kupigwa teke mahali maalumu. Dereva alikuwa Mzee Shomari, Mzaramo wa Magomeni, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka maua yakapotea. Kwenye makaratasi yeye alikuwa dereva na mimi mtaalamu. Mliowahi kufanya naye kazi mnajua ukweli ulivyokuwa.

Siku ya kwanza tuliegesha pembeni ya Mtaa wa Msimbazi, saa nne asubuhi, watu wamejaa mpaka huoni lami. Nikashika kipaza sauti nikasema kama nilivyofundishwa kwenye semina: ndugu zangu akina baba, leo tutazungumza kuhusu utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Kariakoo, mahali ambapo hata mvua haiwatawanyi watu, palipatikana uwazi wa kuchezea mpira. Walibaki wawili. Mmoja alikuwa muuza karanga aliyekuwa anaziba pancha ya baiskeli yake, na wa pili alidhani tunagawa vyandarua.

Niliongea na hao wawili kwa dakika arobaini. Tuliporudi garini nilikuwa karibu kulia, na Mzee Shomari hakunipa pole. Aliwasha gari, akaliacha lingurume kidogo, akasema, "Sista, mwanamume wa hapa haogopi ugonjwa. Anaogopa kuonekana anausikiliza."

Kesho yake aliniomba kipaza sauti. Akatangaza kwamba leo ana maneno na akina mama peke yao, wanaume waendelee na shughuli zao, hayawahusu. Kisha akaanza kuwaeleza akina mama kuhusu waume zao: kwamba mtu akifika miaka arobaini na mitano apime hata kama haumwi popote, kwamba damu kwenye choo si jambo la kunyamazia, kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa unatolewa na mtu anarudi kazini kwake. Wanaume wote wa mtaa ule wakapunguza mwendo. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu muda wote wa hotuba, na alikuwa amevaa kandambili. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuwahutubia wanaume moja kwa moja, na sikuwahi tena kuwakosa.

Sasa niwaeleze kuhusu vichupa, maana ninyi mmevikuta vimeshazoeleka. Kichupa chenyewe ni kama kidole cha mwisho, kina kijiti kwenye kifuniko. Mtu anakwenda nacho nyumbani, anachoma choo chake kwa kijiti mara chache, anarudisha, anafunga, anatuletea, na maabara wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Jambo la kwanza nililofanya mimi mwenyewe ni kupima, kwa sababu Mzee Shomari alisema hatanibeba kwenye gari lake kama sijapima, na yeye alikuwa ameshapima. Tulibandika sanduku la kijani ubavuni mwa gari, limeandikwa REJESHA HAPA kwa herufi kubwa. Likakaa wiki mbili tupu. Nani atadumbukiza kichupa chake mchana kweupe, mtaa mzima unamwangalia na unajua kilichomo?

Tukaling'oa, tukaruhusu kila mtu alete kwa namna yake, na hapo ndipo nilipowajua wafanyabiashara. Walizoea kufunga mizigo ya kwenda mikoani, kwa hiyo walifunga. Mmoja alileta kichupa ndani ya boksi la viatu lililozungushiwa selotepu pande zote, juu ameandika jina, namba ya simu na UPANDE HUU JUU. Ilinichukua robo saa kulifungua. Mwingine, muuza sabuni wa jumla, alipuuza kichupa kabisa akaleta ndoo ya rangi yenye mfuniko, na haikuwa tupu. Nilipomweleza kwamba kinachohitajika ni kiasi cha punje ya mchele, aliniangalia kwa huruma.

"Sista, mimi ni mtu wa jumla," akasema. "Rejareja siwezi."

Siku hiyo Mzee Shomari aliendesha na madirisha yote wazi mpaka Mchafukoge.

Baadaye zikaja simu. Mtu akijiandikisha tulimtumia ujumbe wa sauti kila wiki, sauti ikiwa ya Mzee Shomari kwa kuwa yangu ilionekana ya kihospitali. Wazo lilikuwa zuri, ila aliyelibuni alikuwa hajawahi kukaa dukani Kariakoo, ambako simu hulala juu ya kaunta na hupokelewa kwa spika. Mteja anachagua vitenge, bibi harusi yuko na mashangazi zake, mara sauti nzito inauliza: ndugu yangu, leo umekitazama choo chako kabla ya kukimwagia maji? Tulipigiwa simu nyingi siku ile, na chache zilikuwa za shukrani. Tukahamishia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi, wakati mtu bado yuko nyumbani na swali lenyewe liko karibu na mahali pake.

Ni katika siku hizo nilimpata Mzee Tarimo. Alikuwa Mchaga wa Rombo, mrefu, wa miaka hamsini na nane, anauza masufuria ya jumla Mtaa wa Kongo, amepanga masufuria hayo kwa ukubwa mpaka darini. Ameniruhusu nimtaje, kwa sharti kwamba niandike kuwa masufuria yake ni mazito na hayabonyei. Nimeandika.

Mara ya kwanza nilipoingia dukani kwake alinitazama juu mpaka chini akauliza kabila langu. Nikamwambia Mpare. Akaweka chini kalamu yake kwa furaha kubwa. Mpare na Mchaga ni watani, hilo mnalijua: yeye ana ruhusa ya kunisema vyovyote, nami nina ruhusa ya kumsema vyovyote, na atakayekasirika ndiye mkosaji. Akaanza palepale. Aliwaambia vijana wake wa dukani waninyime kiti, kwa kuwa Mpare akikalia kiti mara mbili anakwenda mahakamani kudai ni cha ukoo. Nikamjibu kwamba sikuja kudai kiti. Nimekuja kuchukua choo chake, ila najua sitakipata, kwa sababu tangu dunia iumbwe hakuna aliyeona Mchaga akitoa kitu bure.

Duka zima lilicheka. Yeye alicheka mpaka akashika kaunta. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari letu na kichupa mkononi, hakukificha wala hakukifunga kwenye boksi. Akamwambia Mzee Shomari kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba aandike vizuri kwenye daftari: Mchaga ametoa, na ametoa bure. Nilijiona nimegundua dawa. Mambo ambayo muuguzi hawezi kumwambia mwanamume wa makamo, mtani anaweza, tena mbele za watu. Tukaanza kupanga timu zetu kwa utani: Msukuma kwa Mzaramo, Mhehe kwa Mngoni. Vichupa vikaja kwa makundi.

Majibu ya Mzee Tarimo yalirudi na damu.

Nilimwita pembeni, mlango umefungwa, hakuna utani. Nikamweleza kwamba damu peke yake haisemi ni ugonjwa gani, kwa hiyo hatua inayofuata ni kuingiza kamera ndogo kuangalia utumbo. Akasema ni bawasiri, kiti chake cha dukani ni kigumu. Nikampeleka kwa daktari wetu, kijana mpole aliyekuwa na umri wa mtoto wake wa pili. Daktari akamwambia inaweza kuwa bawasiri kweli, inaweza kuwa kinyama cha kukatwa palepale, na inaweza kuwa kitu kibaya ambacho leo kinatibika. Kitu pekee asichokiweza ni kusubiri.

Akasubiri. Kwanza mzigo wake ulikuwa bandarini. Mzigo ukatoka, kukawa na harusi ya mpwa. Harusi ikapita, akasema lile ambalo wote hulisema mwishoni, kwamba mwanamume mzima hawezi kulazwa ubavu akaingizwa kamera huko. Nikamwomba ruhusa ya kuzungumza na mkewe, akakataa, na mnajua sheria yetu: siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Akaacha kupokea simu zangu. Gari letu likitokea mtaani, anaingia nyuma ya masufuria. Wiki ya saba alivuka barabara mbele yangu bila kuniona, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Mimi matundu hayo nayajua. Nimeyaona wodini miaka mingi.

Usingizi wangu ukaharibika. Nilikuwa nimempenda yule mtu, niseme tu, kama unavyompenda ndugu anayekusumbua. Ndipo nikakumbuka misiba. Kwenye msiba wa Mchaga, mtani Mpare ana kazi yake. Analala mbele ya gari lililobeba jeneza. Anavaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu. Anaomboleza ubahili wake kwa sauti mpaka waliokuwa wanalia wanacheka. Nikawaza kwamba siku Mzee Tarimo atakapofanyiwa hayo yote hatayaona, kwa kuwa atakuwa amekufa. Kwa nini nisimfanyie mapema?

Nilimweleza Mzee Shomari nikitegemea atanikataza. Alisema tu, "Usivae sare."

Nilikwenda siku ya mapumziko yangu, Jumatano, baada ya saa sita mchana. Nimejifunga khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, nimevua viatu. Nikakaa chini mbele ya duka la masufuria, nikanyoosha miguu, nikaanza kuomboleza kwa sauti ya wastani. Mtani wangu umeniacha. Nani ataniuzia masufuria mazito yasiyobonyea. Nani atanifukuza dukani. Ugonjwa sikuutaja, wala kipimo, wala kamera. Nilisema tu kwamba mtani amekufa kwa aibu, na aibu haina dawa.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Mzee Tarimo alitoka, akaniona, akacheka sana, akawaambia vijana wake waangalie Mpare anavyohangaika kutafuta chakula cha msiba. Kisha akaingia na vijana wake stoo ya nyuma kutafuta sufuria lililobonyea, eti anizawadie. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuendelea alipokuwa ameondoka. Kosa la pili sikulifanya kwa kutaka. Nilipokuwa nimekaa pale peke yangu, nikiita jina la mtu ambaye nilikuwa nimeona majibu yake kwa macho yangu, machozi yalikuja ya kweli. Nikashindwa kuyazuia. Nikawa ninalia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu kwa upande wangu nilikuwa nimeshaanza kufiwa.

Jirani yake wa duka la pili ni Bwana Salim, mzee wa Kiarabu anayeuza khanga, wamepakana miaka ishirini. Alikuwa anarudi kutoka msikitini kuswali adhuhuri. Akaona watu wamesimama, akaona mwanamke anagaragara anamlilia Tarimo, na Tarimo mwenyewe haonekani. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akafuta uso kwa leso, akashusha shata la duka lake nusu kwa heshima. Wa duka la tatu alipoona shata la Bwana Salim limeshuka, naye akashusha la kwake. Kariakoo hakuna anayeuliza kwa nini jirani ameshusha shata, anashusha na kuuliza baadaye. Ndani ya dakika kumi na tano upande mmoja wa Mtaa wa Kongo ulikuwa umefungwa nusu, na mtu mwenye roho nzuri alikuwa ameshapiga picha na kuituma kwenye kundi la simu la wana-Rombo waishio Dar.

Nawaambia, watu wa Rombo wamejipanga. Viti vya plastiki vilifika kabla sijapata pumzi ya kueleza. Turubai likafuata. Mtu akawa anapiga simu kutafuta basi la kusafirisha mwili. Akina mama watatu wa jumuiya wakapiga magoti kando yangu wakaanza rozari, mmoja akinipapasa mgongo na kuniambia nijikaze. Kila nilipojaribu kusema kwamba hajafa, walinikumbatia na kuniambia wanajua, wanajua, hata wao hawaamini.

Mzee Tarimo, kumbe, alikuwa amekaa kule stoo akipiga mahesabu, simu yake iko kaunta. Aliposikia Salamu Maria nyingi mfululizo alitoka na sufuria lake mkononi, akauliza kwa adabu nani amefariki. Mama aliyekuwa anaongoza rozari alizimia. Bwana Salim alimkumbatia rafiki yake, akalia begani kwake, kisha akamsukuma, akarudi kwake na kupandisha shata kwa kishindo. Simu ya kaunta iliita mpaka ikaisha chaji, na wengi waliopiga walishtuka alipopokea.

Nilikuwa bado nimekaa chini, najitafutia maneno, wakati watu walipopisha njia. Alikuwa Mama Tarimo. Alikuwa pekupeku, ameshika sandali moja, nyingine hatukuijua iliko. Alimtazama mumewe. Akamgusa kifua, akamgusa uso, halafu akampiga kofi lililosikika mpaka duka la khanga. Kisha akakaa chini karibu na mimi.

"Nimetoka Magomeni mpaka hapa nikiwa mjane," akasema. "Njia nzima. Nimeshajua kunavyokuwa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Tarimo aliweka sufuria chini, akamwinua mkewe, wakaingia stoo wakafunga mlango. Walikaa huko kama nusu saa. Sisi tuliobaki nje tulikunja viti. Walipotoka, macho ya mama yalikuwa mekundu na amemshika mumewe kiwiko kama mtu anayemsindikiza mtuhumiwa. Mzee Tarimo alikuja mpaka niliposimama, hakunitania, akaniuliza kamera yenyewe inaingizwa siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Mkewe akasema Jumatatu atakuwepo.

Siku ya maandalizi yake sitaisahau. Mgonjwa hatakiwi kula, ananywa dawa ya kusafisha tumbo na supu isiyo na kitu ndani. Alinipigia simu kuuliza kama mtori ni supu. Nikamwambia mtori una ndizi na nyama. Akasema zimepondwa. Nikasikia mkewe anamnyang'anya simu. Baadaye dawa ilipoanza kazi alipiga tena, safari hii kutoka chooni, akaniambia kwamba katika vita vyote vya Wapare dhidi ya Wachaga, hivi ndivyo tulivyoshinda.

Kamera ilikuta uvimbe mdogo. Daktari kijana alimweleza mbele ya mkewe kwamba ni saratani, imeanza, lakini haijatoka nje ya ukuta wa utumbo. Mzee Tarimo aliuliza kama angekuja mwakani ingekuwaje. Daktari akachora utumbo kwenye karatasi, akautoboa ukuta wake kwa kalamu. Wakamkata kipande cha utumbo, wakaunga, na baada ya miezi miwili alikuwa dukani anagombana na wapagazi.

Mimi nilipata barua ya onyo yenye muhuri safi, kwa kusababisha taharuki katika eneo la biashara. Ilikuwa haki yangu. Mama wa rozari angeweza kuzimia asizinduke. Mama Tarimo alitembea njia ile akiwa na maumivu ambayo sikuwa na haki ya kumpa, na nilikwenda nyumbani kwao kumwomba radhi. Alinisamehe, akanipa chai, akaniambia sitarudia. Sijarudia. Ninyi pia msithubutu, na mkithubutu msiseme mmesoma hapa.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi kwa namna ya ajabu. Wanaume walikuwa wanapita Mtaa wa Kongo kumkagua Mzee Tarimo kwa macho: anakaa vipi, anakula nini, anakwenda chooni kama watu. Hakuna aliyemuuliza. Wakishamwona anakula nyama wanakuja kwetu kimya kimya kuomba kichupa. Bwana Salim alichukua viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha kaka yake. Tukamwomba Mzee Tarimo arekodi ujumbe wa simu badala ya Mzee Shomari, na ndio huo mnaoutumia mpaka leo. Unaanza hivi: mimi ni marehemu Tarimo, muuza masufuria, nawapigia kutoka dukani kwangu.

Kilichobaki niwaeleze ni cha Rombo, ambacho sikukijua mpaka wiki kadhaa baada ya ile Jumatano. Ile picha haikuishia Dar. Ilifika kijijini saa hiyohiyo, na vijana wa ukoo, kwa upendo, walishika majembe. Habari kwamba yu hai ilipowafikia, kaburi lilikuwa tayari limechimbwa ndani ya kihamba, shamba la migomba la familia, kando ya baba yake. Mama yake, bikizee wa miaka zaidi ya tisini, alikataa kuamini simu ya mwanawe mpaka alipomtajia jina la ng'ombe waliyekuwa naye utotoni. Kisha wazee wakakaa kikao. Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Wakang'oa mgomba, wakauviringisha shuka, wakauzika mle ndani kwa heshima zote, padri akasimama mbali akijifanya hajui kinachoendelea.

Desemba ilipofika Kariakoo ikapungua watu, kama kila mwaka Wachaga wanapokwenda kwao. Mzee Tarimo naye alikwenda, na mkewe na wanawe wote. Siku ya Krismasi nilikuwa jikoni nakuna nazi simu ilipoita. Nyuma yake nilisikia watoto, na mbuzi, na watu wakicheka kwa Kichaga. Hakunisalimu kwa matusi ya kawaida. Alisema amesimama juu ya kaburi lake.

"Hawa wajinga walizika mgomba na mizizi yake, mtani," akasema. "Umechipua. Mama anauliza kama ndizi zake zitalika."

Nilikaa chini sakafuni, mikono imejaa nazi. Nikamwambia zitalika, na mwenye kaburi ndiye aanze.